Maiti Huagiza Kahawa

Alhamisi, 17 Novemba

Mfagio umefika. Ndiyo nawa ya kwanza ya msimu, dhoruba inayofagia Aleksandria na kuondoa takataka zote za watu wa kiangazi, na tulipoingia klabuni viatu vya Wagdi vilikuwa vinachuruzika maji. Haidhuru. Msimu wa briji umefunguliwa, na mimi nimefungua shajara hii nikiwa na hasira, kwa sababu nataka jambo moja libaki kwa maandishi: msimu huu nitacheza karata zangu mwenyewe.

Wajukuu wakija kuisoma hii wasiseme bibi yao alikuwa na wazimu, kwa hiyo nieleze. Briji ni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili. Kwanza mnanadi: mnaahidi mtashinda mizunguko mingapi kati ya kumi na mitatu, na aina gani itakuwa turufu. Yule wa kwanza kuitaja aina hiyo ndiye atakayecheza karata za wote wawili. Mwenzake anazianika zake mezani na kazi yake imekwisha, ndiyo maana tunamwita maiti. Na katika klabu yetu, Klabu ya Mnara, maiti hakai. Anainuka, anakwenda kaunta kwa Ami Bishai kuagiza kahawa, kisha anasimama dirishani kutazama mawimbi mpaka mchezo uishe. Maiti anayebaki kitini anautangazia ukumbi mzima kwamba hamwamini mwenzake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayeivunja.

Mimi nimekuwa maiti miaka thelathini na moja. Mume wangu, Daktari Wagdi, fundi wa mifupa ya mji huu mzima, ana ulimi mwepesi mnadani. Akiwa na karata nzuri anawahi kusema "bila turufu", akiwa na mbaya anawahi kusema "bila turufu", na mchezo unakuwa wake. Mawimbi ya dirisha lile nayajua kuliko mabaharia.

Leo aliahidi mizunguko tisa bila turufu. Niliporudi na kahawa nikamkuta amevimba mashavu, ameshinda saba tu.

"Ulininadia vibaya," akaniambia mbele za watu.

Tukarudi nyumbani. Baada ya supu nikazianika karata zilezile kwenye meza ya kulia, maana sisahau karata. Mimi nilikuwa na uru tano nzuri, mfalme, malkia, ghulamu, kumi na ndogo moja, na nje ya hizo karata yangu ya maana ilikuwa mfalme wa kopa tu. Yeye alikuwa na ree ya kopa. Wapinzani walianza na malkia wa kopa.

"Ulichukua na nini?" nikamuuliza.

"Na mfalme wako. Mtu hatumii ree kwa jambo dogo."

"Na uru zangu ungezirudiaje, wao wakishatoa ree yao ya uru? Mfalme yule ndiye alikuwa daraja la pekee la kuja kwangu. Umelivunja kwa karata ya kwanza, halafu ukasimama ng'ambo unapunga mkono."

Alizitazama karata kwa muda mrefu. Halafu akasema chumvi ya supu ilizidi.

Ijumaa, 18 Novemba

Mvua. Nilipika dengu bila chumvi kabisa.

Jumatatu, 21 Novemba

Qadriya amenipigia simu. Ni rafiki yangu tangu tukiwa na mikia ya nywele, anacheza na nahodha wa klabu, Bahgat Bey, na hajui kuficha neno.

"Nasikia unataka kufufuka," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mumeo. Alimlalamikia Bahgat kwamba mkewe kachoka kuwa maiti. Mwenzangu, chunga, wanaume wakizoea kaburi la mtu hawapendi atoke humo."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimecheza. Nilimuwahi Wagdi kwa shupaza, akakosa pa kupenya, mchezo ukawa wangu.

Niandike jinsi ninavyocheza, kwa kuwa najivunia. Kabla sijagusa karata nazilaza zangu kifudifudi mezani na kuzitazama za maiti. Nahesabu mizunguko ambayo tayari ninayo. Nahesabu iliyopungua. Najiuliza itatoka wapi, na nikiitaka nitafikaje huko, kutoka mkononi mwangu hadi mezani na kurudi. Miaka kumi na tisa, nikiwa mwalimu mkuu, nilipanga ratiba ya shule ya wasichana mia tisa. Mwalimu awe bora namna gani, akiwa ghorofa ya tatu na darasa lake liko ya kwanza, hana faida. Karata ni hivyohivyo.

Basi nilikuwa nahesabu, nikasikia mtu anapumua. Nikainua macho. Wagdi hajaondoka. Amekaa kitini, mikono imeshika meza, anazitazama karata zake mwenyewe kama mgonjwa aliyepasuliwa na mwanafunzi.

"Kahawa," nikamwambia.

"Sitaki kahawa leo."

Meza za jirani zikageuka kututazama. Ami Bishai pale kaunta alikuwa ameshashika birika la shaba, akalirudisha taratibu. Nilicheza huku Wagdi akimeza mate kila nilipogusa karata. Nilitimiza ahadi na kuzidisha mzunguko mmoja. Hakuna aliyeuona huo mmoja, maana wote walikuwa wanamtazama mume wangu kitini.

Mimi kwake niliinuka miaka thelathini na moja. Hata siku ambazo nilijua anakwenda kuharibu, niliinuka.

Jumapili, 27 Novemba

Viazi vitamu vya kuchoma. Wagdi alileta viwili, akanimenyea changu. Nikakila. Sijasamehe.

Alhamisi, 8 Desemba

Nawa ya Qasim. Upepo umeng'oa bango la duka la miwani hapa chini. Nimecheza mara mbili, na mara mbili Wagdi amebaki kitini.

Bahgat Bey alisimama kati ya ukumbi na kutangaza kwamba wageni wa Kairo wanakuja mwishoni mwa Machi. Timu ya watu wanne dhidi ya wanne, ukumbini kwetu. Miaka miwili mfululizo wametuchapa na kuondoka wakituachia pole. Majina ya wanne wetu atayataja Februari. Yeye na Qadriya wapo, hilo halina mjadala. Hao wawili wengine, akasema, "tutaona." Na alipokuwa akisema tutaona alimtazama Wagdi, kisha akamtazama kijana mhandisi anayeitwa Nazih, ambaye hucheza mbiombio utadhani ameacha jiko linawaka. Mimi macho yake yaliniruka kama kiti kitupu.

Ijumaa, 9 Desemba

Yametoka. Wagdi mwenyewe aliyatoa, akiwa ananyoa ndevu, ili asinitazame.

"Bahgat anataka nicheze na Nazih dhidi ya Kairo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitafikiri."

Nitafikiri. Nilimzalia watoto watatu na nikamtunza mama yake mpaka alipofumba macho, na mtu akimwambia amwache mkewe nje ya mlango, anafikiri.

"Fikiri vizuri basi, daktari," nikasema. "Fikiri kabla ya karata ya kwanza, itakuwa mara yako ya kwanza."

Akajikata kidevuni. Nikampa pamba. Nimeumia leo, na sioni haya kuliandika.

Jumanne, 20 Desemba

Wagdi ameanza mazoezi na Nazih kila Jumanne. Amevaa koti lake zuri. Mimi nimebaki nyumbani na karata, nikijigawia mikono minne na kuicheza yote. Nimetimiza ahadi ngumu mbili ambazo hakuna shahidi wake isipokuwa paka.

Jumatano, 28 Desemba

Baridi. Sahlabu ya moto, maziwa mazito na mdalasini. Wajukuu wamekuja, wamevunja sahani.

Jumanne, 3 Januari

Wagdi amerudi kutoka mazoezini. Alivua koti, akalitundika mahali pasipo pake.

"Vipi mhandisi?" nikauliza.

"Mzuri. Mwepesi."

Akakaa. Nikamwekea dengu, nikakamua na ndimu.

"Anawahi kunadi," akasema baada ya vijiko vichache. "Nikifungua mdomo, yeye keshasema bila turufu. Leo nimekuwa maiti mara saba."

Nilijizuia, Mungu ni shahidi. Nilitazama dari.

"Karibu makaburini," nikasema. "Ukifika dirishani, chuma cha kushoto kimelegea, usikiegemee."

Alinitazama kwa ukali, halafu ule ukali ukamtoka, akaniita Safi, kifupi cha Safinaz, kama anavyoniita tukiwa wawili. Akasema, kama mtu anayesoma jina la dawa asiyoijua: "Mara saba, Safi. Nimehesabu meli zote bandarini."

Alhamisi, 12 Januari

Faida Kubwa, nawa ya siku hizi, imemwaga mvua kiasi kwamba tramu zimesimama. Watu wa klabu walifika nusu. Nilicheza ahadi ya mizunguko kumi, kopa turufu, na Wagdi kitini. Lakini leo hakumeza mate. Alikuwa ananitazama uso, si mikono. Nilipozilaza karata zangu kifudifudi na kuanza kuhesabu, nikamwona na yeye midomo inamchezacheza. Alikuwa anahesabu pamoja nami.

Njiani aliniuliza kwa nini nilianza na turufu ndogo. Nikamweleza. Akauliza tena, nikamweleza tena. Tulipita mlango wa nyumba yetu bila kuuona tukaenda hadi kona ya muuza karanga.

Alhamisi, 19 Januari

Mafua. Sikwenda. Wagdi naye hakwenda, alisema magoti yanamuuma. Magoti hayo yalipanda ngazi mara tatu kuniletea chai.

Jumanne, 31 Januari

Nazih amemkemea Wagdi mbele ya watu. Kanisimulia Qadriya, na Qadriya huwa hatii chumvi katika mambo mabaya. Wagdi alipata mchezo mmoja, akatupa karata ya kwanza upesiupesi kama kawaida yake, akashindwa kutimiza ahadi. Yule kijana akarudi kutoka dirishani na kikombe chake akasema, "Daktari, mfupa ukivunjika nitakuita, lakini karata niachie mimi." Watu wakacheka.

Nilitegemea nifurahi. Nilitembea chumbani kutoka kitanda hadi kabati, nimejaa hasira, nikitafuta maneno ya kumwambia kijana huyo. Mume wangu mimi ndiye ninayeruhusiwa kumcheka. Wengine wakae mbali.

Alhamisi, 9 Februari

Bahgat Bey ametaja majina: yeye na Qadriya, Daktari Wagdi na Madamu Safinaz.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamtazama Wagdi, naye alikuwa anafuta miwani, kazi ambayo haikuhitajika. Nilikwenda kaunta.

"Ami Bishai, kuna nini?"

"Mimi natengeneza kahawa tu, madamu."

"Ami Bishai."

Akaegemea kaunta. "Daktari alikuja jana mchana, hapa hapa. Akamwambia Bahgat Bey: ukitaka nicheze nitacheza na mke wangu, hutaki, nitakuja na blanketi kuangalia. Bahgat Bey akasema, mkishindwa ni juu ya shingo yako. Daktari akasema shingo yake ni pana."

Nilirudi mezani na mgongo umenyooka kama siku nilipokabidhiwa shule. Halafu tukacheza, nikapata mchezo wangu, nikazilaza karata kifudifudi, nikainua macho, na Wagdi yupo kitini.

Ijumaa, 10 Februari

Tumegombana, na tumegombana vizuri, kwa sauti.

"Umenichagua mbele ya Bahgat," nikamwambia, "halafu unanikalia kama mlinzi wa benki. Kipi ni kipi?"

"Siwezi, Safi. Miguu haisogei."

"Kwangu mimi ilisogea miaka thelathini na moja. Na nilikuwa naacha karata zangu na mtu anayetupa mfalme kwenye mzunguko wa kwanza."

"Ndiyo hivyo. Wewe jasiri kuliko mimi." Akakaa kitandani. Alikuwa anasema kweli na ilimgharimu. "Nikiwa chumba cha upasuaji sijawahi kumwachia mtu kisu na kutoka. Nikitoka, najiona nimemwacha mgonjwa."

"Mimi si mgonjwa wako."

Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: timu nimeipata, na nimefurahi. Lakini ninachokitaka ni kuuona mgongo wa mume wangu ukielekea kaunta. Nisipouona, hata tukiwapiga Kairo nitakuwa nimecheza chini ya ulinzi.

Jumamosi, 18 Februari

Jua Dogo, wanavyoiita nawa hii, na halikuonekana jua dogo wala kubwa. Nimeshona kifungo cha koti la Wagdi.

Alhamisi, 2 Machi

Mazoezi. Nimecheza mara tatu, Wagdi kitini mara tatu. Mara ya tatu aliinuka nusu, akatazama kaunta, akakaa tena. Bahgat Bey alikohoa.

Alhamisi, 9 Machi

Husumu, nawa nyingine. Bahari imepanda barabarani na kuacha samaki wadogo mbele ya duka la mikate. Qadriya ameota tumeshinda, nikamwambia aache kula jibini kabla ya kulala.

Jumatano, 22 Machi

Kesho. Nimepiga pasi gauni la bluu. Wagdi amepiga pasi koti lake mwenyewe, limekuwa baya zaidi. Hatukuzungumza habari ya kiti wala kaunta. Nilikwishasema yangu.

Alhamisi, 23 Machi

Niandike yote, hata mkono ukiuma.

Awwa ilianza kuvuma tangu alfajiri. Ndiyo nawa ya mwisho ya msimu na jina lake, maana yake mwenye kubweka, ni sahihi, inalia kama mbwa waliofungiwa nje. Wageni wa Kairo walifika wamelowa na wenye adabu nyingi. Meza mbili: chumba cha ndani walikaa Bahgat Bey na Qadriya na wageni wawili, ukumbini tukakaa mimi na Wagdi na wageni wengine wawili. Aliyekuwa kushoto kwangu aliitwa Ustadhi Tharwat, mzee mwenye vidole virefu, ambaye kila karata yake aliitua mezani bila sauti. Karata zilezile zilichezwa meza zote mbili, sisi hapa na wao kule, na mwisho hesabu zilinganishwe.

Mchana kutwa tulikwenda sambamba. Wagdi alicheza michezo mitano. Naandika hili kwa fahari: mara zote tano alizilaza karata zake kifudifudi kwanza. Mara zote tano niliinuka nikaenda dirishani, na mara zote tano nilirudi nikakuta ahadi imetimia. Mimi nilipata michezo miwili. Nilitimiza yote miwili, na yeye kitini.

Tukafika mgawo wa mwisho. Mtunza hesabu alitwambia Kairo wako mbele kidogo. Nikafungua karata zangu.

Shupaza saba, kuanzia ree kushuka hadi nane, bila pengo hata moja. Kopa ndogo moja. Uru moja tu, lakini ni ree. Pau nne, ree na takataka tatu. Nikafungua mnada kwa shupaza. Wagdi akajibu kwa nguvu. Nikasema shupaza tena, kwa sauti ya mwalimu mkuu. Nikamwona anafikiri. Alikuwa na karata kubwa, nilimjua kwa jinsi alivyokuwa anakaza masikio. Maneno mawili tu, bila turufu, na mchezo ungekuwa wake, na hakuna mtu ukumbini ambaye angemlaumu. Aliwahi kuyasema akiwa na karata mbovu mara mia.

"Shupaza sita," akasema.

Mizunguko kumi na miwili kati ya kumi na mitatu. Ahadi ya kupoteza mmoja tu, na mwenye kuitimiza ni mimi.

Ustadhi Tharwat akaanza na malkia wa kopa. Wagdi akaanika zake: shupaza moja ndogo. Kopa nne, ree na mfalme juu. Pau tatu za bure. Na uru tano, mfalme, malkia, ghulamu, kumi, tisa, zimejipanga kama mabinti wa harusi. Alizinyoosha kwa ncha za vidole. Akabaki ameziangalia.

Nikazilaza zangu kifudifudi. Sikumtazama. Nilisikia kiti kikikwaruza sakafu.

Nilipoinua macho niliuona mgongo wake. Koti baya, kifungo nilichokishona mimi, anatembea pole kati ya meza kama mtu anayejifunza kutembea baada ya kutolewa plasta. Ukumbi mzima ulimsindikiza kwa macho. Alifika kaunta. Ami Bishai akashika birika bila kuulizwa. Wagdi akaelekea dirishani, akatugeuzia kisogo, akashika chuma cha kulia, kile kisicholegea.

Macho yaliniuma. Niliyapangusa, nikaanza kuhesabu.

Shupaza saba. Kopa mbili. Ree ya uru. Ree ya pau. Kumi na moja. Mmoja umepungua, na pau zangu tatu mbovu zimekaa zinasubiri kuliwa. Wa kumi na mbili ulikuwepo, naam, na zaidi yake, zile uru nzuri mezani. Lakini nitazifikiaje? Kopa yangu ya pekee inaondoka sasa hivi kwenye mzunguko wa kwanza. Nikienda kwenye uru, naangukia ree yangu mwenyewe, niko mkononi mwangu, na njia ya kurudi mezani hakuna. Ree ya uru, karata niliyoifurahia kuliko zote nilipozifungua, ndiyo iliyoziba mlango.

Nilikaa nayo. Ustadhi Tharwat hakuharakisha, mzee mwenye malezi. Nikaipitia ratiba: nani yuko chumba gani, nani anamzuia nani. Nikauliza swali ambalo mwalimu mkuu hapendi kuuliza, la mwalimu wake bora. Je, akiondoka?

Nikachukua mzunguko wa kwanza kwa ree ya kopa ya mezani. Kisha nikamcheza mfalme wa kopa, ambaye mkononi mwangu sikuwa na kopa ya kumfuata, kwa hiyo nilikuwa huru kutupa chochote. Mtu yeyote angetupa pau mbovu. Nikaichomoa ree ya uru, nikaitupa.

Mtu nyuma yangu akasema "Lahaula." Mgeni wa kulia akaiinamia meza ahakikishe ameona sawa. Ustadhi Tharwat aliitazama ree ile imelala chini ya mfalme wangu mwenyewe, kisha akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa kidogo sana, kama wanavyoinamisha watu wa zamani mwanamke akipita.

Mlango ulikuwa wazi. Mfalme wa uru, nikatupa pau mbovu. Malkia wa uru, nikatupa pau nyingine. Wote wakafuata, hakuna aliyekata kwa turufu. Sikutaka zaidi ya nilichoahidi. Shupaza ndogo ya mezani ikanileta mkononi, nikazimaliza turufu zao, nikachukua ree ya pau, na pau yangu ya mwisho nikawapa. Kumi na miwili.

Wagdi alirudi na vikombe viwili. Watu walikuwa wamesimama, na Qadriya alikuwa ametoka chumba cha ndani anakimbia, maana kule mgeni wa Kairo naye alikuwa ameahidi shupaza sita, akatupa pau kwenye mfalme wa kopa, akaenda kwa ree yake ya uru, akakwama na kumi na moja. Mgawo huo peke yake ulitupa ushindi. Bahgat Bey alinishika mikono yote miwili na kusema madamu, madamu. Nazih alikuwa ukutani. Aliuliza kama naweza kumfundisha. Nikamwambia aje Jumanne, na aje na adabu.

Wagdi hakuuliza kitu. Aliweka kikombe changu upande wa mkono wangu, sukari wastani.

"Kunywa kabla haijapoa," akasema.

Kwa miaka thelathini na moja sikuwahi kuletewa kahawa mezani.

Ijumaa, 24 Machi

Awwa imenyamaza. Madirisha yamefunguliwa mtaa mzima na watu wanaanika magodoro.

Baada ya maharage Wagdi alisafisha meza ya kulia, akaleta karata.

"Nionyeshe."

"Mji mzima umeshakusimulia."

"Nimewakataza. Niliziba masikio hadi nyumbani, hukuniona? Anika."

Nikazianika, zake na zangu, na malkia wa kopa wa Ustadhi Tharwat. Akahesabu kwa kidole. Akafika kumi na moja. Akahesabu tena, kumi na moja. Akasema haiwezekani, lazima nimedondosha karata moja sakafuni.

Niliinuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kutengeneza kahawa."

Sikuharakisha. Niliiacha ichemke, nikaitoa, nikairudisha, nikamsikiliza akinung'unika peke yake chumbani, halafu nikamsikia amenyamaza. Niliporudi na vikombe alikuwa ameishika ree ya uru kwa mikono miwili.

"Uliitupa hii."

"Niliitupa."

Akaitua chini ya mfalme wa kopa, polepole, akazitazama uru za mezani zikiwa huru zote. Akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha.

"Ningekuwa pale kitini, Safi, ningepiga ukelele."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nilingoja kwanza ufike dirishani."